Naombeni ushauri: nasafiri na mbwa kutoka Dar hadi Njombe kwa gari dogo

MamaNeema:
Habari zenu wakuu. Nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Njombe na mwisho wa mwezi ujao natakiwa niwe nimesharipoti. Mizigo inatangulia na fuso, mimi na binti yangu tunafuata na IST yetu. Kinachoninyima usingizi ni Bosi, mbwa wetu. Ni dume, chotara wa kienyeji, mkubwa kiasi, ana miaka 6. Amezaliwa hapahapa Kimara. Gari anapanda tu tukimpeleka kwa daktari wa mifugo, na hata hapo udenda unamtoka mpaka kiti kinalowa.

Nilianza kwa kuulizia basi. Konda akanijibu kwamba mbwa anakaa kwenye buti na mizigo. Nikaondoka zangu. Mle ndani ni giza, ni joto, na mabegi yanahama kila kona, sasa kiumbe chenye pumzi kinakaaje humo siku nzima?

Ninayotaka kujua ni haya. Je, Mikumi tutazuiwa? Nasikia mbwa haruhusiwi hifadhini, na barabara kuu inapita humohumo. Je, nimpe dawa ya kumlaza? Jirani ananishauri vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Na la tatu, atakayetuendesha ni kijana wa jirani yangu, Mwislamu wa swala tano. Amekubali kwa moyo mweupe, lakini sitaki safari yangu imharibie ibada yake. Nawasilisha.

Kipanga_wa_Mto:
Pole na uhamisho. Kwa mawazo yangu mwachie jirani au mlinzi hapohapo Kimara. Njombe mbwa wapo tele, utapata mtoto wa mbwa mkaanza naye upya. Kilomita 700 na mbwa anayetapika ni mateso kwake na kwenu.

MamaNeema:
Mkuu nashukuru, ila hilo halipo. Mwaka aliofariki baba Neema, mbwa huyu alihama kibandani kwake akawa analala mlangoni kwa mtoto kila usiku, hakuna aliyemfundisha. Mtoto anaacha shule, anaacha marafiki, anaacha mtaa aliokulia. Siwezi kumwambia na Bosi naye anabaki.

DaktaMifugo_Moro:
Dada, safari hiyo inawezekana kabisa na muda unao. Nianze na karatasi. Tafuta kadi yake ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo kama tarehe imepita, mchanje wiki hii hii. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji wiki 3 hadi 4 kinga ijengeke. Kisha pita na kadi hiyo ofisi ya mifugo ya halmashauri yako, waeleze unamhamisha mnyama kwenda mkoa mwingine, uombe kibali. Usafirishaji wa wanyama uko chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na ukiwa na karatasi mkononi hakuna wa kukusumbua njiani.

Udenda huo unaousema ni kichefuchefu. Mwangalie vizuri: kabla ya kutapika atapiga miayo mfululizo, atalamba midomo, atahangaika kubadili mkao. Mbwa wako pia amejifunza kwamba gari maana yake ni sindano. Mvunjieni mazoea hayo. Siku za mwanzo mkalisheni kwenye gari lililozimwa, mlango wazi, mpeni chakula chake humo. Akizoea, washeni injini bila kuondoka. Halafu mzunguko mfupi hadi Mbezi, na mwisho wa mzunguko pawe mahali pa kutembea na kucheza, asifikie kliniki. Wiki inayofuata mpelekeni hadi Kibaha na kurudi. Mbwa wengi hubadilika kabisa kwa njia hii.

Vidonge vya mafua ACHA. Na dawa yoyote ya binadamu iliyo kabatini acha, hasa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na paracetamoli zinaharibu tumbo, figo au ini la mbwa, na nimeshawapokea wengi waliopewa kwa nia njema. Ipo dawa ya kichefuchefu ya mbwa wenyewe, maropitanti, inapimwa kwa uzito wake. Muulize daktari wenu, na muijaribu siku ya kwenda Kibaha, siku ya safari iwe si mara yake ya kwanza. Kumlaza kabisa kwa dawa sikushauri. Mbwa aliyelazwa hawezi kujisawazisha gari likikata kona, na mwili wake unashindwa kujipoza.

Mlo wa mwisho awe amemaliza saa 12 jioni ya kuamkia safari. Asubuhi asile. Maji apewe kidogo kidogo kila mnaposimama.

Mzee_wa_Tanzam:
Njia hiyo naijua, nimeendesha malori miaka mingi. Nakupa ratiba, na ratiba hii naipanga kwa ajili ya joto. Binadamu atavumilia, mbwa hatoi jasho kama sisi, anapumulia ulimi tu.

Ondokeni Kimara saa 9 usiku. Mtapita Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa, na Morogoro mtakuwa mnafika kukiwa kumepambazuka. Hapo simameni, atembee, ajisaidie, anywe maji. Hesabu yangu ni kwamba saa 4 asubuhi muwe Ruaha Mbuyuni. Pale ni bondeni, mibuyu mitupu, na saa 7 mchana joto lake linachoma hata ndani ya gari lenye AC. Mkipita mapema mtapanda mlima Kitonga na ubaridi wake, na mkishafika Ilula habari ya joto imekwisha. Kuanzia Iringa hadi Makambako ni hewa safi. Pale misitu ya misonobari ya Sao Hill, karibu na Mafinga, ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kumtembeza.

Mikumi hamzuiwi. Ile ni barabara kuu, hulipi kiingilio. Lakini ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi: usishuke na mbwa, usisimame kuangalia twiga, mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na ukigonga mnyama faini yake utaisoma kwenye mabango. Vioo juu mwanzo hadi mwisho. Mbung'o wa pale wanaingia garini kwa dirisha lililo wazi kidogo tu, na wanafuata gari linalotembea.

DaktaMifugo_Moro:
Mzee amegusa jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mbung'o wanaambukiza nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaougua vibaya na haraka. Kama atang'atwa, msiingie hofu, si kila mbung'o ana vimelea. Ila wiki 3 zinazofuata mchunguzeni: homa, kukosa hamu ya kula, kukonda, kuvimba uso, na hasa jicho kuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa. Mkiona hivyo mpelekeni apimwe damu na mumwambie daktari wazi kwamba alipita Mikumi. Njombe ni baridi, daktari wa huko anaweza asiiwaze nagana.

AbuSalma_Tanga:
Assalaam alaykum. Nimeguswa na dada kumfikiria kijana. Mimi ni Mwislamu na nimewahi kusafiri kwenye gari lenye mbwa. Kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi wetu huku pwani, tatizo lipo kwenye unyevu: mate, au manyoya yaliyolowa. Kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Kwa hiyo mbwa akae kiti cha nyuma, upande ulio mbali na dereva, juu ya shuka nene, amefungwa asiweze kufikia viti vya mbele. Udenda mfute mara kwa mara kwa taulo lake peke yake. Mswala na nguo za kuswalia za kijana ziwe kwenye begi lililofungwa, mbele. Mwekeeni galoni la maji safi ambalo hamlitumii kwa mbwa, na udongo safi kidogo kwenye kopo, maana akipatwa na mate itabidi aoshe mara saba, moja kwa udongo. Na mwambieni mapema mtasimama wapi kwa Alfajiri, Adhuhuri na Alasiri. Kijana akiona mmemwandalia hivyo ataendesha akiwa ametulia.

MamaNeema:
Shehe, Mungu akubariki. Hilo la galoni na udongo nisingelijua. Nitaongea naye jioni hii.

Jembe_la_Shamba:
Mbona mnazunguka sana? Tafuta pikapu, mfunge kamba nyuma, apigwe upepo. Mbwa wa shamba ndivyo wanavyosafiri.

DaktaMifugo_Moro:
Naomba nipinge hili kwa nguvu zote. Mbwa aliyefungwa shingo nyuma ya pikapu akiruka, ananing'inia. Nimeitwa kwenye tukio la hivyo na hapakuwa na la kufanya. Na jua la Ruaha kwenye bati la pikapu linaunguza nyayo. Ndani ya gari napo asifungwe kamba shingoni. Nunueni mkanda wa kifuani, ule unaopita mabegani, na kamba yake fupi iunganishwe na mkanda wa kiti. Kichwa asitoe dirishani, malori yanarusha kokoto.

Na gari likizimwa, mbwa anashuka na mtu. Nje kukiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa juani joto hukaribia 40 kwa dakika 10, na kwa nusu saa linasogea 50. Kushusha kioo vidole viwili hakusaidii. Mkienda kula, kuleni kwa zamu. Akianza kuhema kwa nguvu bila kutulia, mate yakawa mazito, ufizi ukawa mwekundu sana au akayumba, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepeeni, kisha tafuteni daktari hapohapo. Akitulia bado apelekwe.

Wanjiku_Athi:
Salamu kutoka Kenya. Sisi huenda na mbwa wetu Mombasa kila Disemba, na joto la Mtito Andei na Voi ni hilohilo mnalosema. Nyongeza yangu ni moja, muwe macho na anachookota mkisimama. Kwa steji za mahindi ya kuchoma magunzi yamejaa chini, na gunzi likimezwa linaziba matumbo. Wetu alifanyiwa upasuaji. Mifupa ya kuku pia. Kamba iwe fupi na mtu aangalie mdomo wake, si simu.

Mkinga_Halisi:
Karibu sana Njombe dada. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mbwa wa Dar ana manyoya mepesi. Kama mnaingia Juni au Julai, usiku baridi itamshika kweli. Asilale sakafuni wala nje wiki za mwanzo. Gunia lenye majani makavu, au godoro kuukuu juu ya mbao, kwenye kibaraza kisichopigwa upepo. Chakula muongezeni kidogo, mwili unatumia nguvu kujipasha moto.

Jambo lingine, msimfungue mapema. Mbwa aliyehamishwa akifunguliwa siku ya kwanza anaondoka kuitafuta nyumba yake ya zamani, na huku kuna mashamba ya miti asikojua njia ya kurudi. Mtembezeni kwa kamba, njia ileile, asubuhi na jioni, mpaka akifika getini avute mwenyewe kuingia ndani. Kwenye kola andikeni namba ya simu kwa kalamu isiyofutika kabla hamjatoka Dar.

MamaNeema:
Nimesoma yote na Neema nimemsomea. Ameshachukua shuka la Bosi analitandika garini na leo wamekula chakula cha jioni wote wawili kiti cha nyuma, mlango wazi. Kesho naenda ofisi ya mifugo na kadi. Swali la mwisho, Mzee wa Tanzam: akianza kutapika tukiwa katikati ya Kitonga tufanyeje? Zile kona nazijua.

Mzee_wa_Tanzam:
Msisimame. Kitonga barabara ni nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, na nyuma yenu kuna semitrela inayopanda kwa gia ya kwanza na haiwezi kuwakwepa. Mwambieni kijana asiyapite malori kwenye kona hata akiwa na haraka, mwendo wa taratibu unamsaidia na mbwa. Binti akae nyuma naye, awe na ndoo ndogo, taulo mbili na chupa ya maji. Vioo viwe vimeshuka kidogo apate hewa ya nje, Mikumi na mbung'o wake mtakuwa mmeshaiacha nyuma. Akitapika, afutwe tu na msimpe maji kwanza. Mkimaliza kupanda, endeleeni hadi Ilula, pana nafasi ya kupaki nje kabisa ya lami, ndipo ashuke, atembee taratibu, anywe kidogo.