Ushauri: mto wetu hukauka kila kiangazi, sasa malori yanachota mchanga. Tujenge ukuta?

MamaBustani_Moroto

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Moroto, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Tuko akina mama 22, tuna bustani ya sukuma, nyanya na vitunguu ukingoni mwa kijito kinachoingia mto Omaniman. Maji yake si ya mwaka mzima. Mvua ikipiga milimani, kijito kinashuka kwa kishindo. Siku mbili tatu maji yameshapita, unabaki mchanga.

Mchanga huo ndio umetulea. Januari nilikuwa nachimba kwa kibuyu, mkono ukizama hadi begani maji yanaanza kujikusanya, yakiwa na vumbi kidogo, halafu yanatulia yanakuwa safi kabisa.

Mwaka huu malori yameanza kushuka mtoni, siku nyingine mawili, siku nyingine matano. Shimo langu sasa limenipita kimo. Binti yangu anashuka kwa mti wenye vipandio, mimi napokea jerikani juu. Juzi ukingo wa shimo uliporomoka akiwa ndani, mchanga ukamfika kiunoni. Tulimtoa mzima, lakini tangu siku hiyo usingizi sina.

Wazee wengine wanasema mto umekufa, mchanga uuzwe tu. Kuna wafadhili wako tayari kutupa saruji tukatize mto kwa ukuta mfupi, mchanga ujae nyuma yake na kutuhifadhia maji. Tukubali, au tuombe kisima kirefu cha pampu? Na hawa wa malori tuwaambie nini?

Saruji_Imara

Pole sana dada. Mimi ningeomba kisima cha pampu. Mto unaokauka kila mwaka ni korongo tu, usiutegemee.

Mkamba_wa_Kitui

Ndugu yangu hapo juu, sikubaliani nawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba kati ya asilimia 51 na 60 ya urefu wa mito yote duniani huacha kutiririka angalau siku moja kwa mwaka. Tukiiita yote makorongo, nusu ya mito ya dunia tumeitupa.

Mama, kabla ya yote, binti asiingie tena shimo lisilo na kizuizi. Mchanga ukishakauka haushikani, unamwagika kama mahindi guniani. Kama hamna pete za saruji, tanueni mdomo wa shimo liwe kama sinia, kuta zilale.

Halafu pimeni. Jazeni chupa kwa lita moja ya mchanga mkavu, mwagieni maji kidogo kidogo mpaka uso ung'ae, mhesabu yaliyoingia. Toboeni chupa chini, mkinge yanayotoka. Hayo yanayotoka ndiyo mto unaweza kuwapa. Mengine hubaki yamegandia punje. Mchanga mnene, wa punje kubwa, hutoa karibu robo ya ujazo wake. Sasa piga hesabu: kipande cha mita 200, upana mita 12, mchanga wenye maji kina cha mita moja na nusu. Hiyo ni mita za ujazo 3,600. Robo yake ni lita 900,000, yaani jerikani 45,000 za lita 20. Tipa moja likiondoka na mita 4 za ujazo, limeondoka na nafasi ya lita 1,000. Jerikani 50 kila tipa!

Jua nalo hukausha hasa tabaka la juu. Ukishapita sentimita 60 hivi, maji yanapotea polepole sana. Lambo la wazi haliwezi kukulindia maji hivyo.

Saruji_Imara

Nimejifunza. Lakini mafuriko si yanarudisha mchanga?

Mkamba_wa_Kitui

Yanarudisha, kwa kadiri yanavyoubeba. Mkichota kuliko mto unavyoleta, sakafu inashuka na maji ya chini yanashuka nayo. Kingo nazo zinaanza kuanguka.

Mchungaji_Mpakani

Shikamoo mama. Mimi ni mchungaji, niko upande wa Turkana. Kiangazi kikali tunavuka na mifugo kwenda lambo la Kobebe, na njiani tunaishi kwa visima vya mchangani kama hivyo vyako. Nakuomba, msimwage saruji kabla ya kukaa na wachungaji na watu wa chini ya mto. Ukuta usio na mahali pa ng'ombe kunywa utaleta ugomvi, na ugomvi wa maji huku kwetu umeshazika watu. Wekeni birika pembeni, mbali na kisima cha watu.

Teso_Mwema

Na sisi wa chini tukumbukwe. Maji ya mito ya Karamoja, Lokok na Lokere, huishia huku kwetu Teso, kwenye maziwa ya Opeta na Bisina. Gharika moja ikifika, hata samaki kamongo aliyejizika kwenye tope kavu anaamka. Ukuta mfupi unaojaa mchanga na kuacha maji yapite juu sina shida nao.

FundiMaji_Mstaafu

Nimefanya kazi ya maji miaka mingi, niko Mbale. Ukuta wa kukusanya mchanga hufaa pale tu mwamba ulipo karibu. Tafuteni nondo ya milimita 16, pigilieni kwa nyundo kila baada ya hatua tano. Ikigonga mwamba italia na kuruka mkononi. Ikitoka na udongo wa mfinyanzi umeng'ang'ania ncha, bado hamjafika. Ukuta usiokalia mwamba, maji hupita chini yake. Usioingia vizuri kwenye kingo zote mbili, mto huuzunguka na kula shamba la mtu. Jengeni kwa hatua, msimu kwa msimu, ili tope laini lipite na mchanga mnene ubaki.

Kukatiza mto kunahitaji kibali cha idara ya maji. Ofisi ya kanda ya Kyoga iko hapa Mbale. Na mama, nakwambia hili kwa heshima: kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 100 za ukingo kwa mito iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Zinawabana wa malori, lakini zinaigusa na bustani yenu. Isogezeni kwanza, ndipo mkashtaki.

Jingine: maji ya gharika ya kwanza msinywe. Yanabeba samadi na majani yote ya kiangazi.

MamaBustani_Moroto

Asanteni, Mungu awabariki. Tumepima. Kwenye mkwaju, mto unapobana, nondo imelia kwenye mita 1.8, ng'ambo hadi ng'ambo. Lita moja ya mchanga wa pale imemeza mililita 340, zikatoka 260. Pale malori yanapochota, mfinyanzi umeshaonekana, magotini tu.

Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, nilimpa chupa aishike mwenyewe. Aliinyanyua, akatazama maji yakidondoka muda mrefu, kisha akauliza ni malori mangapi yamepita tangu Desemba. Mwenye malori bado anakataa. Jumamosi tunakaa chini ya mkwaju, na wachungaji wameitwa. Bustani tumeshapima hatua za kuisogeza. Nyanya zilizobeba tutazivuna kwanza. Binti hashuki tena.

Mzee wa Mbale, barua ya kibali tukiiandika kwa Kiswahili itapokelewa, au tutafute mtu wa kutuandikia Kiingereza?

FundiMaji_Mstaafu

Andikeni zote mbili, binti yangu. Ya Kiingereza nitawasaidia mimi. Nitumie vipimo vya nondo, kila hatua, hata pale ambapo haikulia.