Baridi ya asubuhi: kupasha injini kwanza au kuwasha na kuondoka?

Mtoto wa Tegeta:
Wakuu, mwezi wa saba naenda Njombe, kuna shughuli ukweni, na usafiri wangu ni IST ya kawaida tu. Baba mkwe kanipigia kabisa ananiambia kule asubuhi nisithubutu kuiondoa gari kabla haijaunguruma dakika kumi, eti nitaua injini. Jirani yangu hapa naye ndo zake, anawasha alfajiri anaenda kuoga, anakunywa chai, sisi tunavuta moshi dirishani. Fundi wangu yeye anasema washa ondoka, hayo mengine ni ya zamani. Nimfuate nani?

Spana 14:
Jirani yako anapasha nini sasa jamani 😂 Dar hata Julai alfajiri inacheza kwenye nyuzi 18 mpaka 20, hiyo kwa injini sio baridi.

Mzee mkwe hajakosea kwa gari alizozizoea lakini. Kabureta ikiwa ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri ndo maana kulikuwa na choki, unavuta unasubiri, ukilazimisha kuondoka inakohoa inakuzimikia njiani. IST zimeanza kutoka 2002 na zote ni EFI, yaani petroli inapulizwa kwa kompyuta badala ya kabureta, kuna sensa inasoma joto la maji halafu kompyuta inaongeza mafuta yenyewe, ndo maana ukiwasha asubuhi RPM, mizunguko ya injini, inakaa juu kidogo halafu taratibu inashuka bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo washa, funga mkanda, weka simu yako sawa, nusu dakika hivi oili imeshafika juu, ondoka. Ila usikanyage.

Mama Vitz:
Hapo kwenye usikanyage ndo penyewe. Watu wanasikia washa ondoka wanatoka getini kama wanakimbizwa. Mimi Vitz yangu ina taa ya bluu kwenye dashibodi ya kuonyesha injini bado ya baridi, mpaka izime naenda mdogo mdogo, maana gari ikitembea inapata joto haraka kuliko ikiunguruma imesimama, na gia boksi na matairi navyo vinapata joto, wakati ukipasha umesimama gia boksi inabaki karibu vile vile.

Na kuunguruma muda mrefu kuna hasara yake, injini ikiwa ya baridi inapewa petroli nyingi, nyingine haiungui, inaosha oili kwenye kuta za silinda inashuka mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukifanya hivyo kila siku oili inakuwa nyepesi na mafuta umechoma hujaenda popote. Na wenye magereji ya kufunga mlango MSIWASHE GARI NDANI, ule moshi unaua na haunuki vya kukushtua.

Bitozi wa Sinza:
Mimi nawasha nakanyaga resi mara mbili tatu ipate moto chap. Mwaka wa ngapi huu haijafa

Spana 14:
Itakujibu yenyewe boss, endelea

Mnyalukolo:
Kamwene wakuu. Nyie mnaongea baridi ya kwenye AC, mimi kwetu Mafinga, Juni na Julai kuna asubuhi unakuta kioo cha mbele kimeganda unakwangua, na Makete ndo usiseme. Kule dakika moja mbili sio dhambi, kwanza kioo chenyewe lazima kisafike uone njia. Dakika kumi hapana.

Ila mtoa mada nikuulize, gari yako ina themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Maana mafundi wengi wa Dar gari ikichemsha kidogo tu dawa yao ni kuitoa wakaitupa, kwa joto la huko huoni tatizo. Ukija nayo huku maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake hata utembee mpaka Makambako, inakula mafuta na hita ya ndani inapuliza upepo wa baridi tu. Hapo hata uunguruze saa nzima umefanya kazi bure. Angalia na oili, kama wamekuwekea 20W-50 ile nzito, kwa baridi ya huku asubuhi inachelewa kupanda. 5W-30 ndo saizi ya hiyo gari.

Dereva wa Tunduma:
Sisi wa malori msituchanganye humo, tunaunguruza kwa sababu breki ni za upepo, mpaka mtungi ujae ndo unaondoka. Na wenye Land Cruiser za dizeli subirini taa ya hita, ile ya kupasha injini kabla ya kuwaka, izime ndo upige stata. Gari ya tabo ukimaliza kupanda mlima Kitonga ukasimama usizime papo hapo, iache ipumue kwanza.

Mtoto wa Tegeta:
Nimeelewa. Ila mzee atakuwa amesimama barazani ananiangalia, nitaondokaje?

Mama Vitz:
Si unawasha ndo unaenda kuamkia na kuaga? Shikamoo, habari za mifugo, salimia wajomba, mpaka mkwe akuachie mkono dakika zimeshakata na heshima imebaki.

Mtoto wa Tegeta:
😂😂 Fundi kaungama, themostati aliitoa mwaka jana. Naenda maduka ya spea Gerezani kesho, niulizie ya nyuzi ngapi?

Spana 14:
82, imechongwa kwenye bati lake. Na nunua kulenti, yale maji maalumu ya rejeta, usijaze maji ya bomba.