Chenga za mawe ya chuma za daraja la chini: je, sumaku peke yake itatosha?

Mwenye Rundo, Changamwe
Salaam wenzangu. Tuna rundo la chenga za mawe ya chuma zilizobaki baada ya vipande vikubwa kuchekechwa na kuuzwa. Maabara imetupa majibu haya: chuma asilimia 54, silika 14, alumina 4 na fosforasi 0.12. Mnunuzi anataka chuma kisichopungua asilimia 60, na mbia wangu anashikilia kwamba tununue mashine ya sumaku mara moja. Naomba ushauri wenu kabla hatujatoa fedha.

Mkemia wa Mariakani
Ndugu yangu, msinunue mashine yoyote kwanza. Majibu hayo yanaonyesha kiasi cha uchafu, lakini hayasemi umekaa wapi, na hilo ndilo linaloamua kila kitu. Chekecheni sampuli kwa nyavu za matundu tofauti, kisha kila kundi la punje lipimwe peke yake. Mara nyingi alumina hujikusanya katika tope laini kabisa, kwa kuwa hutokana na udongo wa mfinyanzi ulioshikana na mawe. Ikiwa ndivyo, kuzisugua chenga kwa maji na kulimwaga tope hilo kutaipunguza kwa gharama ndogo, ingawa chuma kiasi nacho kitapotea.

Silika yataka uangalifu zaidi. Ikiwa ni punje za mchanga zilizo huru, tofauti ya uzito itawafaa, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya hematiti, yaani madini ya chuma, ina takriban gramu 5.2, na ya kwazi, yaani silika ya mchanga, gramu 2.65 tu. Ikiwa imefungamana na chuma ndani ya punje moja, hapana budi kusaga hadi viachane, na usagaji hula umeme mwingi.

Kuhusu sumaku, magnetiti, aina nyingine ya madini ya chuma, hunaswa hata na sumaku dhaifu, ilhali hematiti huhitaji mashine yenye nguvu kubwa zaidi na bei kubwa zaidi. Pitisheni sumaku ya kawaida juu ya unga mkavu leo hii, mbia wako aone mwenyewe.

Bi. Tanuri
Mkemia amesema kweli, ila mimi naihofia zaidi fosforasi. Ikiwa imo katika apatiti, madini yenye fosforasi, kusaga na kuitenga kwa mapovu kunawezekana. Lakini ikiwa imejificha ndani ya goethiti yenyewe, madini ya chuma yenye maji ndani yake, haitoki kwa maji, kwa sumaku wala kwa mapovu, na ikiingia katika tanuri la kuyeyushia, karibu yote huishia ndani ya chuma badala ya kutoka na mavi ya chuma, na chuma hicho huvunjika kwa urahisi. Iombeni maabara ipime uzito unaopotea sampuli inapochomwa, kwani goethiti safi hupoteza takriban asilimia 10 kwa maji yaliyofungwa ndani yake. Upotevu ukiwa mkubwa, tafuteni mnunuzi anayechanganya chenga zenu na za daraja la juu. Nionavyo, itakuwa nafuu kuliko kupambana nayo.

Mpakizi, Kilindini
Mkiosha, kumbukeni meli. Chenga zenye maji kupita kiasi hugeuka uji kwa mtikisiko wa safari na shehena hulala upande mmoja. Mwaka 2009 meli ya Black Rose ilizama karibu na Paradip, India, ikiwa na shehena ya aina hiyo. Kanuni za IMSBC, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha baharini shehena kavu isiyofungashwa, zinataka unyevu upimwe si zaidi ya siku 7 kabla ya kupakia, na mvua kubwa ikinyesha baada ya kipimo, pimeni upya. Wakati wa masika rundo lisilofunikwa kwa turubai ni hatari tupu.

Mwenye Rundo, Changamwe
Ahsanteni sana. Tumepitisha sumaku na kilichonata ni kidogo mno, basi mbia wangu amekubali tuiache mashine ile. Sampuli zilizochekechwa zimeshapelekwa maabara pamoja na ombi la Bi. Tanuri, na rundo tunalifunika kesho.