Kokateli, sungura na simbilisi chumba kimoja: gumzo la kikundi cha familia

Mwanaidi: [video] Jamani mtazameni Kishungi leo, yule kokateli wangu, kasuku mdogo mwenye kishungi kichwani! Katoka juu ya pazia akaenda kutua mgongoni kwa sungura, na sungura wala hakusogea. Watoto wamefurahi mpaka basi.

Shangazi: Mashallah! Wameshazoeana.

Juma: Hao sasa ni ndugu 😂

Salim: Mama kasema kesho tunawatoa wote kwenye zulia, pamoja na simbilisi 😍😍

Dada Rukia: Mwanaidi, nimeirudia video yako mara kadhaa. Tafadhali kesho msiwatoe pamoja. Nakuja kuandika vizuri sasa hivi.

Mwanaidi: Kuna nini tena Dada?

Dada Rukia: Isimamishe pale ndege anapotua. Tazama kishungi, kimesimama wima, na mwili kaubana mpaka amekuwa mwembamba kama kijiti. Kokateli aliyetulia kishungi hulala kidogo kwa nyuma na manyoya ya mashavuni hufura. Huyo kashtuka. Sasa mtazame sungura. Kajibana sakafuni, masikio kayalaza, macho yamemtoka. Huko si kukubali, kaganda kwa hofu. Mnyama anayewindwa akiona hana pa kukimbilia huganda hivyo hivyo. Na kwa sungura au simbilisi, kinachomjia kutoka juu ni mwewe. Hajui kama ni Kishungi wa watoto.

Salim: Lakini Mama Mkubwa, mbona hawakugombana?

Dada Rukia: Mwanangu, hapa balaa halisubiri ugomvi. Sungura akizinduka kwenye ile hofu anarusha teke la miguu ya nyuma, na kokateli mzima ana gramu 90 hivi tu. Teke moja linamtosha. Sungura mwenyewe anaweza kuvunjika uti wa mgongo kwa teke lake mwenyewe, maana misuli yake ina nguvu kuliko mifupa yake. Na Kishungi naye usimwone mdogo, mdomo wake ni wa kupasulia mbegu. Sikio la simbilisi litafanya nini mbele yake?

Mama: Basi si mumpunguze mbawa tu, atulie?

Dada Rukia: Shikamoo Mama. Hapana Mama, kwenye chumba chenye wanyama wa chini hilo ndilo litakalomponza. Ndege aliyekatwa mbawa akishtuka bado anajirusha, ila anaangukia sakafuni, palepale walipo wenzake, halafu hawezi kunyanyuka. Wengine hutua kwa kifua ngozi ikapasuka. Mwenye mbawa zake anapanda juu kabla hajafikiwa. Na kuruka ndiko kunakompa pumzi na misuli. Tumwachie mbawa zake, turekebishe chumba.

Mama: Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Mwelekeze mdogo wako.

Mwanaidi: Nielekeze Dada. Wote wanakaa chumba kile kikubwa, tundu la ndege liko juu ya kizimba cha sungura ili nafasi itoshe.

Dada Rukia: Lishushe hapo leo hii. Kinyesi na maganda ya mbegu vinamwangukia sungura kwenye nyasi zake, na yeye atavila. Tumbo la sungura linataka nyasi kavu, mbegu zinamvuruga. Vumbi la zile nyasi nalo linampandia ndege, na mapafu ya ndege hayavumilii vumbi. Halafu kokateli mwenyewe anatoa unga mweupe kwenye manyoya, nadhani unauona kwenye meza ukipangusa.

Mwanaidi: Naam, kila siku napangusa!

Dada Rukia: Huo huo simbilisi anauvuta puani. Kwa hiyo weka tundu ukuta wa upande wa pili, kimo cha macho yako, hewa ipite. Usiku ukiweza ndege alale chumba kingine kabisa. Sungura hupiga mguu chini gizani akisikia kitu, na kokateli akishtushwa gizani hujipigiza kwenye nyaya mpaka atoke damu. Mwachie taa hafifu.

Juma: Na mchana je? Hawezi kufungiwa siku nzima.

Dada Rukia: Zamu, Juma. Ndege akiwa nje, wa miguu minne wako ndani na milango imefungwa. Wao wakitoka, ndege yuko ndani. Hata kama ni kwenda kupokea simu tu. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, katikati ya mchana analala, kwa hiyo mchana na alasiri mpe Kishungi. Hakuna anayepunjwa.

Na kuna kitu watu wengi hawakioni. Ndege akiwa nje anapenda sana kutua juu ya kizimba cha wenzake. Vidole vyake vinapenya kwenye nyaya, na aliye ndani, akiwa sungura au simbilisi au hamsta (kile kipanya cha kufugwa), anaving'ata kwa chini. Nimemwona ndege aliyepoteza kidole kwa hamsta mdogo kabisa. Weka ubao juu ya vizimba kabla hujafungua tundu, acha upande wa mbele wazi wapate hewa.

Shangazi: Jamani na mimi nakuja Jumamosi na paka wangu. Mpole sana yule, hajawahi kukamata hata panya.

Dada Rukia: Shikamoo Shangazi. Tunakusubiri kwa hamu, ila kwa paka naomba unisikilize. Mdomoni mwa paka kuna bakteria anaitwa Pasteurella. Paka hadhuriki naye, lakini akimchoma ndege kwa jino dogo tu, hata kwa kucheza, ndege anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili kwa sumu kuingia kwenye damu. Kidonda huwezi kukiona chini ya manyoya. Ndiyo maana ndege aliyeguswa na mdomo au kucha za paka anapelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo apate antibiotiki, hata akionekana mzima. Ndege huficha ugonjwa mpaka anaishiwa nguvu.

Shangazi: Marahaba. Loo, hilo sikulijua kabisa. Basi paka nitamwacha kwa jirani.

Mwanaidi: Asante sana Shangazi ❤️

Salim: Mama Mkubwa, akigoma kurudi kwenye tundu? Jana nilimkimbiza na taulo.

Dada Rukia: Usimkimbize tena baba. Akikuogopa, siku ya hatari hatakuja mkononi. Mtoe kabla hajala, sio ameshiba. Shuke la mtama alipate ndani ya tundu tu, na akiingia usifunge mlango kila mara. Siku nyingine mwache ale atoke tena. Atajua kurudi si adhabu. Mfundishe pia kuja mkononi kwa neno moja, lile lile kila siku, na kila akija apewe punje.

Ikilazimu kumshika, usimbane kifua hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, anapumua kwa kusogeza mfupa wa kifua. Ukimbana, anakosa hewa huku wewe unadhani ametulia.

Salim: Sawa Mama Mkubwa. Sikulijua hilo la kifua.

Juma: Sungura na simbilisi wao wakae pamoja?

Dada Rukia: Ningewatenganisha nao. Sungura anaweza kubeba bakteria anayeitwa Bordetella asiugue, simbilisi akimpata anamletea nimonia. Na yale mateke bado yapo.

Mwanaidi: Vipi jikoni? Ndege akiwa nje huwa ananifuata mpaka kwenye jiko.

Dada Rukia: Funga mlango wa jikoni kabisa. Vikaango vyenye ule mpako usiogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa gesi ambayo binadamu hawaisikii, ndege anaanguka nayo dakika chache. Ndoo za maji zifunikwe, choo kifunikwe. Kioo kikubwa kiwekee pazia, asidhani ni njia. Na parachichi asiguse, wala sungura asipewe.

Mama: Mwanaidi, umeandika yote hayo?

Mwanaidi: Nimeandika Mama, nimebandika mlangoni kwa ajili ya watoto.

Mwanaidi: [picha] Tundu limehama. Mbao ziko juu ya vizimba vyote viwili, sungura na simbilisi kila mmoja kwake. Hapo vipi Dada?

Dada Rukia: Pazuri sana. Ila hiyo feni ya dari naona inazunguka. Isimame kwanza ndipo umfungulie.

Salim: Nimeshaizima, nasubiri panga zitulie. Mlango wa chumba nao nimeufunga.

Dada Rukia: Vizuri mwanangu. Mfungulie sasa.