Naomba ushauri: masika sola inaniangusha, niongeze betri au paneli?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Tukuyu. Nina paneli mbili za wati 200, betri moja ya jeli ya volti 12, Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) 100, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani. Inawasha taa, televisheni na friji ndogo ninayohifadhia maziwa ya kuuza.

Agosti hadi Oktoba betri inajaa kabla ya saa nane mchana. Masika ndiyo shida: mawingu ya huku yanakaa siku tatu nne mfululizo, na saa nne usiku inveta inalia, inazima. Maziwa yameshaharibika mara mbili mwaka huu, imeniuma sana.

Nimesafisha paneli, nimekata tawi la mparachichi lililotia kivuli, televisheni siwashi tena usiku. Bado.

Fundi mmoja anashauri betri ya lithiamu ya Ah 100, kwa kuwa ya jeli ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Mwingine anasema betri bila jua la kuijaza haisaidii, niongeze paneli. Huyu naona ana hoja.

Bajeti ni laki saba, inatosha kimoja tu. Nianze na kipi? Na kontrola yangu (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) ya aina ya PWM, iliyopangwa kwa betri ya jeli, inaweza kuchaji lithiamu salama?