Naomba ushauri: namwelezaje jirani yangu Utatu Mtakatifu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?

Wapendwa, habari za jioni. Nauza vitenge Kariakoo. Jirani yangu wa fremu ya pili ni Mwislamu, mstaarabu kwelikweli, na biashara ikipoa tunaongea dini bila ugomvi. Juzi kaniuliza: kama Yesu ni Mungu, pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Kabla sijajibu akanifungulia Yohana 14:28 kwenye simu yake, Yesu akisema Baba ni mkuu kuliko yeye.

Mfano wa maji, barafu na mvuke siutumii. Katekista alishatuonya kwamba huko ni kwa Sabelio wa karne ya 3: Mungu mmoja anayebadili sura tu. Ukikimbilia upande wa pili unamkuta Ario, aliyemfanya Mwana kiumbe, na Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, ukamkatalia mwaka 325. Nikamjibu kwamba Mwana ni nafsi nyingine, si Baba, ndiyo maana anasali kwake. Akasema, "Basi dada, hao ni wawili." Hapo nikakwama. Kanuni ya Imani naisali kila Jumapili, kuieleza ndiyo shughuli!

Naomba mnisaidie: "mkuu kuliko mimi" ni kwa ubinadamu wake, au ni kwa kuwa Mwana anatoka kwa Baba? Nimesikia majibu yote mawili. Na je, nianze na ubatizo wa Yordani, ambapo Baba, Mwana na Roho wanaonekana pamoja, au Yohana 10:30, Yesu anaposema yeye na Baba ni umoja?

Majibu yawe mafupi jamani, mteja akiingia maongezi yanakatika.