Mliokata Celica nyekundu namba A pale Unga Limited Arusha, huu uzi ni wenu

Wakuu salamu, leo sina maneno mazuri. Jumamosi nimeenda Unga Limited kutafuta bushi za Noah ya mama watoto, fundi akaniambia pita huko nyuma kuna mabaki mabaki unaweza ukapata, napita nyuma nakuta mlango mwekundu umeegeshwa ukutani. Nilisimama pale sisogei. Mlango wa gari yangu ya zamani niliujua kwa ule mkwaruzo wa chini ya kitasa, geti la nyumbani Sakina lilituchubua 2009, na rangi ya kugusia niliipaka kwa mkono wangu. Kusogea mbele nakuta paa limelala peke yake kwenye majani, limekatwa na grainda, na kwenye buti kuku wametagia. Injini hakuna, gia boksi hakuna, viti hakuna. Namuuliza kijana pale hii vipi, ananijibu bodi inasubiri gari la chuma chakavu brother, inapimwa kilo.

KILO JAMANI. Celica ST182 inapimwa kilo kama nondo zilizobaki kwenye ujenzi!!

Kwa wasioijua, namba A ni usajili wa zamani, na Celica hii ni ile Toyota ambayo taa za mbele zinalala ndani ya boneti, ukiwasha zinainuka. Injini 3S-GE, cc 2000, farasi 160 na ushee, gia tano za mkono, milango miwili. Nilinunua 2007 kwa mzee mmoja Moshi kwa milioni 5 na laki 2, nilipokea mchezo (upatu) wa kazini nikaongezea na mshahara wa miezi kadhaa, sikukopa benki wala sikuwa mtoto wa tajiri. Hilo ndio linaloniuma kuliko yote, kwamba ilikuwa spoti ya mtu wa mshahara wa kawaida, mtu anayekula mihogo mchana, na Jumapili anatoka na gari ambayo watoto wa Usa River wanasimama barabarani kuipungia wakitaka niwashe taa ziinuke.

Na sio mbio wakuu, msije hapa kunisema mbio. Penye 50 nilikuwa nakwenda 50, matochi ya trafiki yalikuwepo. Ila unatoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala Usa River, unapita Kikatiti, ukikaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA kama siku ni nzuri mlima Kilimanjaro unautazama mzima mzima, halafu ukitoka Boma Ng'ombe unashuka Kikafu unarudisha gia ya tatu, injini inabadilisha sauti, stelingi unaisikia mkononi kila kokoto, na ukiwa 80 tu unajisikia umeendesha. Nilikuwa napitiliza mpaka Himo nakata kushoto kupanda Marangu, zile kona za kwenye migomba na kahawa, gia ya pili, ya tatu, ya pili, nafika juu nakunywa chai nageuza. Nimeendesha Crown ya shemeji yangu hiyo mnayoisifia kila uzi, gari nzuri inalala barabarani, lakini ukiwa ndani unakuwa abiria uliyeshika stelingi.

Niliuza 2014. Mtoto wa pili alizaliwa, kumpitisha nyuma kwenye gari ya milango miwili mama akiwa na mshono wake ilikuwa mateso, sikuona njia nyingine. Nikampa kijana mmoja wa Moshi kwa bei ya chini kuliko waliyofika wengine, kwa sharti moja tu, tukashikana mikono mbele ya mama yake: siku ukiichoka nipigie mimi kwanza. Mimi nitainunua hata ikiwa haitembei. Namba yangu ya simu sijabadilisha mpaka leo.

Jumamosi jioni nikampigia. Eti "bro ile gari ilikuwa imechoka halafu ni namba A, nani angeinunua". Nikambana, kumbe kuchoka kwenyewe ni gasketi ya silinda hedi! Gasketi! 3S ni ukoo ule ule wa injini za Noah na Caldina zilizojaa mji mzima, hakuna fundi Arusha hii ambaye hajawahi kufungua 3S, kazi ya siku mbili tatu ndio mmeua gari. Na huu ugonjwa wa kuhesabu gari kwa herufi ya namba ndio unaotumaliza, mtu ana namba E anaringa na gari isiyo na roho, akiona namba A anacheka anasema peleka skrepa, na mafundi nao wanamshauri mteja auze speaspea kwa sababu wanajua watakula wao.

Na mkishazikata hazirudi, hilo hamlielewi. Spoti za namna hii ziliacha kutengenezwa, Levin 2000, Prelude za enzi hizo 2001, Silvia 2002, Celica yenyewe 2006. Ukisema uagize Japani, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari ndogo iliyozidi miaka kumi inapigwa 30 nyingine ya uchakavu, na hapo Celica ya 1990 inahesabiwa uchakavu sawa na saluni iliyooza. Hujakaa sawa, Marekani gari ikifika miaka 25 inaruhusiwa kuingia bila masharti yao ya kawaida, kwa hiyo na wao wako mnadani kule Japani wananunua hizo hizo. Bei ya 2007 isahau.

Mzee wangu alikuwa akisimulia Safari Rally ya enzi ikipita Tanganyika mpaka macho yanamng'aa, Datsun 240Z ikachukua 1971 na 1973, Celica zikaja kuchukua 1984, 85, 86. Nilipoleta ile nyekundu nyumbani aliizunguka mara mbili kimya, akasema nipe funguo. Alifariki 2012. Kiti alichokalia sijui kiko kwa nani.

Mlango nimeununua, nimeufunga juu ya Noah nimerudi nao. Injini nimeambiwa imefungwa kwenye Caldina nyeupe huko Moshi, mwenye nayo sina ugomvi na wewe, siku unaitoa nitafute. Ninachotafuta sasa ni zile taa mbili na mota zake, stelingi ya ngozi, na kiti cha dereva, kushoto kina tundu la sigara. Aliyenavyo aje inboksi, nalipa taslimu, siulizi ulivipataje. Na wewe kijana wa Moshi, naona simu zangu umeacha kupokea tangu jana. Mama yako ninamjua nyumbani kwake, nitapita Jumapili.